KUUJUA MJI NI KUUTEMBEA
Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi kuhusu matembezi na usafiri katika Mji wa Zanzibar



Si jambo geni katika Mji wa Zanzibar kumwona mgeni amesimama njia panda, karatasi mkononi, akimwuliza mpita njia wapi ilipo Hamamni. Jambo la kuzingatiwa ni jawabu anayoipata. Aghalabu mwenye kuulizwa ni mtumishi anayetoka kazini Vuga, ambaye kwa miaka mingi amepita barabara ile ile asubuhi na jioni, na kutoka pale aliposimama mpaka Hamamni mwendo haufiki robo saa. Hata hivyo hunyanyua mkono, akaashiria upande wa mitaa ya ndani, akasema, "Huko huko, utauliza mbele." Mgeni huenda zake, na huko mbele humkuta mtu wa pili ambaye naye humwambia aulize mbele.

Mazungumzo haya yana makusudio mawili. La kwanza ni kueleza namna mtu awezavyo kufika mjini, kutembea ndani yake na kuyaona yaliyomo, bila ya kupotea wala kudanganywa. La pili, ambalo ndilo zito zaidi, ni kuwakumbusha wenyeji kwamba matembezi hayo hayakuwekwa kwa ajili ya wageni peke yao. Mwenye nyumba asiyepita vyumbani mwake hajui paa linavuja wapi, na mji nao ni nyumba. Yapo majengo yaliyoanguka baada ya kuonyesha dalili kwa muda mrefu, na dalili hizo alikuwa anaziona kila mwenye kupita akatazama.

Umbo la mji

Mji Mkongwe umekaa juu ya rasi ndogo upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja, nao umezungukwa na bahari kwa sehemu kubwa. Upande wa mashariki, zamani palikuwa na hori la maji ya bahari lililoutenga mji na sehemu ya pili, na watu walivuka kwa daraja. Ndiyo sababu upande wa pili ukaitwa Ng'ambo, na mahali pa kuvukia pakaitwa Darajani. Katika karne ya 20 hori lilifukiwa kwa vipindi, daraja likaondoka, na leo hapo ipo Barabara ya Benjamin Mkapa. Jina la daraja, hata hivyo, limebaki, na kila siku watu hutaja Darajani ijapokuwa wengi wao hawakuwahi kuyaona maji yaliyokuwa chini yake.

Umbo hili ndilo linalomfaa mtu asiyeijua mitaa ya ndani. Mji Mkongwe wote una eneo la hekta 96 tu, wala hauna upana wa kumchosha mtu mzima mwenye afya. Atakayepotewa na njia asibabaike. Ashike upande mmoja na aufuate, na baada ya muda mfupi atatokea ama baharini ama kwenye barabara hiyo ya Darajani. Akitokea baharini afuate ukingo wa maji hadi Forodhani, na akitokea barabarani atakuwa hayuko mbali na soko. Hapana anayepotea Mji Mkongwe kwa zaidi ya nusu saa, isipokuwa awe ameamua mwenyewe kupotea, na hilo nalo si matembezi mabaya.

Majina ya mitaa

Kabla ya vibao vya barabara, watu wa mji huu walikuwa na ramani yao, nayo ni majina. Forodhani ni mahali pa forodha, palipokuwa pakishushwa bidhaa na kulipiwa ushuru. Sokomuhogo palikuwa na soko la muhogo. Mizingani ni pahala pa mizinga, Mkunazini palisimama mkunazi, na Hamamni palijengwa hamamu. Kwa upande wa Ng'ambo, Michenzani inakumbusha michenza, Miembeni miembe, Kikwajuni mkwaju, na Mnazi Mmoja jina lake linajieleza. Kisiwandui limebeba jina la maradhi ambayo kizazi cha leo hakiyajui, maana ndui imekwishatokomezwa ulimwenguni. Ama Hurumzi, husimuliwa na wenyeji kuwa asili yake ni "huru mzee", kwa kuwa hapo ndipo ilipofanywa kazi ya kuwapa watumwa uhuru wao baada ya utumwa kuondolewa katika sheria mwaka 1897.

Mtoto anayefundishwa majina haya pamoja na maana yake hufundishwa tarikhi bila ya kitabu. Ni vyema kwa walimu wa skuli za mjini kuwatoa wanafunzi nje siku moja katika muhula, wakatembezwa mtaa kwa mtaa na kuulizwa, "Hapa pameitwa hivi kwa nini?" Somo hilo halina gharama, na mwanafunzi halisahau.

Kufika na kusafiri

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa boti ya mwendo wa kasi hutumia kiasi cha saa mbili na kuteremkia bandarini Malindi, ambako mji huanzia mlangoni. Anayekuja kwa ndege huteremkia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, ulio kiasi cha kilomita 6 au 7 kusini ya mji. Kutoka uwanjani zipo teksi, na inafaa msafiri apatane bei kabla ya mzigo kutiwa ndani ya gari. Zipo pia gari za abiria zenye nambari 505.

Gari za abiria, maarufu daladala, zimepangwa kwa nambari za njia. Yenye nambari 505 huenda Uwanja wa Ndege na 502 huenda Bububu. Zile za mashamba nazo zina nambari zake, na jina la mwisho wa safari huandikwa mbele. Kwa miaka mingi gari hizi zilikuwa zikikusanyika Darajani, lakini vituo vimekuwa vikihamishwa kutokana na ujenzi na upanuzi wa mji. Kwa hiyo msafiri asitegemee maelezo ya zamani, bali aulize siku ile ile gari yake inaondokea wapi. Ndani ya gari nauli hulipwa kwa utingo. Mwenye mzigo mkubwa aseme mapema, na kijana ampishe mzee kiti bila ya kungoja kuambiwa.

Safari za mji huu zina historia yake. Mwaka 1905 ilifunguliwa njia ya reli yenye urefu wa maili 7, kutoka mbele ya Ngome mpaka Bububu, na treni lilikuwa likipita katikati ya mji kwa karibu mno na milango ya watu. Katika miaka ya 1920 huduma ya abiria ilisita na barabara ya gari ikachukua nafasi yake. Mzee anayemwambia mjukuu wake kwamba Zanzibar palikuwa na treni asichukuliwe kuwa anatunga hadithi.

Ama ndani ya Mji Mkongwe wenyewe, chombo cha kusafiria ni miguu. Mitaa ilijengwa kwa ajili ya watu, punda na gari za hamali, nayo ni myembamba kwa sababu. Kuta ndefu zilizokaribiana hutiliana kivuli, na upepo wa bahari huingia katikati yake. Ndiyo maana mtu anayetoka Darajani kwenye jua la saa saba mchana, akazama mtaa wa ndani, huhisi kama amefunguliwa mlango wa nyumba yenye baridi. Wakati ulio bora wa kutembea ni asubuhi, baina ya saa moja na saa nne, au baada ya alasiri. Miezi ya masika, baina ya Machi na Mei, mvua huwa kubwa na baadhi ya njia hujaa maji, kwa hiyo mwenye kutembea achukue hadhari na utelezi.

Mzunguko wa mji

Mwenye nafasi ya nusu siku anaweza kuuzunguka mji kwa utaratibu ufuatao, bila ya kuhitaji gari hata mara moja.

Aanzie sokoni Darajani, kwenye jengo lililojengwa mwaka 1904, wakati samaki ndiyo kwanza wanaingia na wanadi wanapiga kelele. Kutoka hapo aelekee Mkunazini, ambako palikuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Mahali hapo pamejengwa Kanisa Kuu la Kianglikana. Kazi hiyo ilisimamiwa na Askofu Edward Steere, ambaye vile vile aliitumikia sana lugha ya Kiswahili kwa sarufi na tafsiri. Uwanjani mwa kanisa zimo sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo. Kila anayefika hapo, awe wa dini yoyote, hushusha sauti. Mzazi anayemchukua mwanawe asimpitishe mbio. Amweleze ukweli kwamba biashara hii ilifanyika hapa, na walioiendesha na walioteseka ndani yake walipita katika mitaa hii hii.

Kutoka Mkunazini, kwa kuelekea magharibi, hufikiwa Hamamni, penye hamamu zilizojengwa na Sayyid Barghash, aliyetawala baina ya mwaka 1870 na 1888. Ndiye pia aliyeyaleta mjini maji ya mfereji kutoka chemchemi zilizo nje ya mji. Baada ya hapo msafiri huona juu ya mapaa minara miwili ya Kanisa Katoliki la Mtakatifu Joseph, lililojengwa katika miaka ya 1890, na ambalo wenyeji hulijua kwa jina la Minara Miwili. Akiendelea hufika Shangani, penye nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye misafara yake ilifika hadi Kongo. Mitaa ya upande huu ndiyo inayoulizwa sana na wageni kwa ajili ya mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Inafaa mwenyeji ajue pia kuwaambia wageni hao kuhusu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa kisiwa hiki mwaka 1948, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Awaambie vile vile juu ya Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilitoka Ng'ambo ikafika katika santuri na kusikika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Kutoka Shangani, njia hupita chini ya jengo lililokuwa nyumba ya mayatima na kutokea Forodhani. Hapo ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondoshwa mwishoni mwa karne ya 17. Bustani iliyo mbele yake ilitengenezwa upya na Shirika la Aga Khan la Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jioni hujaa familia, watoto wanaopiga mbizi baharini, na wauzaji wa urojo, miwa na samaki. Baada ya Ngome hufuata Beit el Ajaib, na kisha Kasri, ambalo mwaka 1994 lilifanywa makumbusho. Humo pamewekwa kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye kitabu chake cha maisha yake kilichapishwa Ujerumani mwaka 1886. Mbele ya majengo haya, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kwa muda usiotimia hata saa moja, na sehemu ya majumba ya kifalme ikateketea.

Kwa kufuata bahari, Mizingani, hufikiwa mti mkubwa wa Mtini, ambao chini ya kivuli chake mafundi wa mashua na manahodha hupumzika. Kisha huonekana Zahanati ya Zamani yenye roshani za mbao zilizochongwa, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan. Katika miaka ya 1990 ilikuwa katika hali ya kuanguka, ikatengenezwa na Shirika hilo hilo la Aga Khan. Mwisho wa mzunguko ni Malindi, penye bandari, na penye msikiti wenye mnara wa umbo la pia, ambao mfano wake ni nadra katika pwani hii. Kutoka hapo kurudi Darajani si mwendo mrefu.

Mwenye siku ya pili avuke kwenda Ng'ambo, maana mji hauishii kwenye mawe. Kisiwandui ndipo alipouawa Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Kwanza wa Zanzibar, tarehe 7 Aprili 1972, na ndipo alipozikwa. Michenzani yapo majumba marefu ya maendeleo yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Mnazi Mmoja lipo jengo la makumbusho la Beit el Amani, lenye kuba jeupe, lililofunguliwa mwaka 1925.

Funzo la Beit el Ajaib

Katika mzunguko huo, mahali panapotaka kusimamiwa kwa muda mrefu zaidi ni Beit el Ajaib. Jumba hili lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na watu wakaliita la ajabu kwa ukubwa wake na kwa taa zake za umeme, ambazo hazikuwa zimeonekana hapa kabla yake. Liliponea mizinga ya mwaka 1896. Likawa ofisi za Serikali, kisha makumbusho. Mwaka 2012 sehemu ya roshani zake ilianguka. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi ya matengenezo inaendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha.

Msiba huo usikumbukwe kwa huzuni peke yake. Unatoa funzo kwa kila mwenye nyumba ya mawe, kwa sababu kinachoangusha jumba kubwa ndicho kinachoangusha na nyumba ndogo. Nyumba za Mji Mkongwe, zinazokadiriwa kufikia 1,700, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba navyo vikawa vyembamba, aghalabu upana wa mita 3 hivi. Ukuta wa aina hii unapumua. Maji yakiingia kidogo hukauka, mradi paa ni zima na chokaa ni chokaa. Adui yake ni maji yasiyopata pa kutokea: paa linalovuja, mfereji uliopasuka ndani ya ukuta, bomba la kiyoyozi linalodondokea mahali pamoja mwaka mzima. Na anayepiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa akidhani anauimarisha huwa ameyafungia maji ndani. Nje huonekana pazuri, na ndani boriti huoza vichwa vilipoegemea ukuta.

Dalili zenyewe hazihitaji mhandisi kuziona. Ukuta uliotoa tumbo, ufa unaopanuka baina ya masika moja na nyingine, mche wa mti uliochipua juu ya paa na kutia mizizi ndani ya mawe, doa la maji lisilokauka, na roshani iliyoinama upande mmoja: hizi huonekana na mtoto anayekwenda chuoni. Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mji huu maneno hayo si fumbo. Mwenye kuona dalili kama hizo amwarifu mwenye nyumba na Sheha, na taarifa ifikishwe kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985 kwa shughuli hiyo. Vile vile, asitengeneze mtu nyumba kwa mbinu zake mwenyewe bila ya kibali, wala asiuze mlango wa nakshi ulioachwa na wazee. Mji huu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Heshima hiyo walipewa wakaazi walioudumisha mji, na ni wao wanaoweza kuipoteza.

Njia iachwe wazi

Jambo jengine linaloonekana kwa mwenye kutembea ni kwamba njia zinazidi kuwa finyu, ijapokuwa hapana ukuta uliosogea. Kinachosogea ni bidhaa. Meza ya vinyago hutolewa nje hatua moja, ya jirani ikatolewa mbili ili ionekane zaidi, vespa ikaegeshwa baina yao, na kifusi cha matengenezo kikaachwa pembeni kingojee gari isiyoweza kufika.

Wananchi wanaombwa wafikirie mambo matatu. Katika mitaa ambayo gari haliingii, mgonjwa hubebwa mikononi mpaka barabarani. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hupitishwa hapo hapo. Na jeneza, kwa ada ya watu wa hapa, huchukuliwa mabegani na waliohudhuria kwa safu, likapokewa kutoka bega hadi bega. Njia iliyozibwa kwa meza ya vinyago huwalazimisha watu hao wasimame wangoje wakati ambao haufai kungojwa. Moto nao haungoji. Gari la zimamoto haliwezi kuingia ndani, na mpira wa maji hauna budi kuvutwa kwa miguu kwenye njia hizo hizo. Muuza duka anayekitoa kiti chake nje hadhani kwamba anamzuia mtu asifike hospitali, lakini siku moja atakuwa amemzuia, na huenda mtu huyo akawa ni wa nyumba yake.

Waendeshaji wa vespa na baskeli nao wanakumbushwa kwamba barazani huketi wazee na milangoni hutoka watoto bila ya hadhari. Kona ya Mji Mkongwe haionyeshi kilicho nyuma yake. Mwenye chombo apunguze mwendo, apige honi kwa adabu, na penye msongamano ashuke akisukume.

Mgeni na mwenyeji

Wamesema wazee, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona kwa mgeni aliyedanganywa siku yake ya mwanzo. Wapo vijana wanaowavizia wageni bandarini na mitaani, ambao watu wamewapa jina la papasi, kwa namna wanavyomganda mtu. Mgeni ashauriwe atumie kiongozi mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na apatane malipo kabla ya safari. Kijana mwenye kuijua mitaa na majina yake, akapata mafunzo na kitambulisho, ataishi kwa heshima kwa kazi ile ile ambayo sasa anaifanya kwa kuvizia.

Mgeni naye anayo anayopaswa kuelezwa, na aelezwe kwa upole. Mji huu una watu wanaoishi ndani yake. Avae nguo za stara anapopita mitaani, asimpige mtu picha bila ya kumwomba ruhusa, asiingie msikitini bila ya kukaribishwa, na katika mwezi wa Ramadhani asile wala kunywa njiani mchana. Aghalabu mgeni anayekosea hakuwa na aliyemwambia. Anayemkemea mbele za watu humfukuza, na anayemweleza baada ya salamu humfanya rafiki.

Wajibu uliopo

Kwa muhtasari, watumishi wa Serikali na wananchi wanaombwa wachukue hatua chache zilizo ndani ya uwezo wa kila mmoja. Kila mtumishi anayefanya kazi mjini ajue njia ya kwenda Hamamni, Mkunazini, Forodhani na Malindi, na aweze kumwelekeza mtu kwa maneno yasiyozidi matatu au manne. Kila familia itenge siku moja ya mapumziko, izunguke mji kwa miguu pamoja na watoto. Kila mwenye duka apime njia mbele ya mlango wake na ajiulize iwapo watu wanne wenye machela watapita. Na kila anayeona ufa asiseme kwamba nyumba si yake.

Kabla ya siku ile ya Disemba 2020, maelfu ya watu walikuwa wakipita mbele ya Beit el Ajaib kila wiki wakienda Forodhani kula. Jengo lilikuwa kubwa mno, na wamelizoea mno, hata hapana aliyelitazama kama kitu kinachoweza kuondoka. Katika mitaa ya ndani zipo leo nyumba ambazo watu hupita chini yake kwa mazoea yale yale. Mwenye kutoka kazini jioni ya leo, badala ya kufuata barabara aliyoizoea, na apite ndani, ainue macho, atazame.